Kupendekeza kitabu cha mtoto mpaka kisomwe, na kumpa moyo mwandishi mwenzako bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa

Wenzangu tunaoandika na kuwasomea watoto Kiswahili hapa Uganda, tukubaliane jambo moja kwanza. Ile "kitabu kizuri sana hiki, wazazi nunueni" haimuuzii mtu kitabu. Mzazi anaisoma, anaweka dole gumba, anaendelea na mambo yake, na siyo kwamba ni mchoyo, ni kwamba hujamwambia kitu. Yeye anataka kujua mtoto wake wa P4 (darasa la nne la msingi) atakiweza? Kina picha? Bei gani, na atakipata hapo Mbale au mpaka atume mtu Kampala? Mwandishi naye hivohivo, ukimwambia "hongera dada, Mungu akuinue" atafurahi jioni hiyo, kesho akikaa mezani hajui ukurasa wa pili aufanyeje. Mi hizi kazi mbili naziona ni moja: unamwangalia mtoto akisoma, alafu unapeleka habari ya ulichokiona, kwa mzazi huku na kwa mwandishi kule. Basi.

Anza na mtoto, kitabu baadaye

Hapa kwetu umri peke yake haukwambii kitu. Tangu 2007 shule nyingi za vijijini zinafundisha P1 mpaka P3 kwa lugha ya eneo, Luganda, Runyankore, Lugbara, Ateso na zingine, P4 mtoto anageuziwa Kiingereza, na mjini ni Kiingereza tangu nasari. Kiswahili kinafika cha tatu au cha nne. Baraza la mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, wazazi wakaanza kuulizia vitabu, na wengi wanaishia kununua kitabu cha kiada cha Kenya au Tanzania kwa sababu ndicho kilichopo dukani, mtoto anafungua anakutana na ngeli ukurasa wa kwanza, kwisha habari yake na Kiswahili.

Kwa hiyo uliza maswali mawili tofauti: mtoto ana miaka mingapi, na Kiswahili chake kina miaka mingapi. Mtoto wa miaka 11 wa Mukono anaweza kuwa na Kiswahili cha mtoto wa miaka 5, ukimletea kitabu cha kuhesabu bata atakutukana kimoyomoyo, maana akili yake iko kwenye mpira, vituko na mambo ya kutisha. Huyo anahitaji hadithi ya mkubwa kwa sentensi fupi, na vitabu vya hivo ni adimu kwelikweli (nitarudi hapo mwishoni, waandishi mkae tayari). Upande wa pili kuna mtoto aliyekulia kambi ya jeshi, au aliyekuja na wazazi kutoka Goma au Bukavu na sasa yuko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali. Huyo Kiswahili ni chake, cha nyumbani, hata kama hakifanani na cha Dar, na kumpa kijitabu cha sentensi tatu ni kumpotezea muda. Mpe hadithi ndefu yenye vita na safari na ndugu wanaogombana.

Kupima, kuna ile ya vidole. Fungua ukurasa wa katikati, mtoto asome, kila neno asilolijua anakunja kidole. Mkono ukiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho ni cha kusomewa, siyo cha kusoma peke yake bado. Lakini kwa Kiswahili hiyo haitoshi, maana Kiswahili kinasomwa kilivyoandikwa, na mtoto aliyezoea kusoma Luganda au Runyankore atatiririka ukurasa mzima bila kukwama na hajaelewa hata nusu. Tunadanganyika sana hapa, mtoto anasoma kwa sauti nzuri, mama anapiga makofi, ukimuuliza nani alikimbia anakutazama tu. Funga kitabu umwambie akusimulie kwa lugha yake ya nyumbani. Akiweza kusimulia, kitabu ni chake. Akianza kukuelezea picha, bado.

Na we mwenyewe ukisome chote kabla hujakipendekeza, kwa sauti, siyo kwa macho. Kwa sauti ndo utagundua ile sentensi yenye "ambapo" tatu, na utagundua kama mtoto wa kwenye hadithi anafanya kitu au amekaa tu anashauriwa na wakubwa mpaka mwisho. Vitabu vingi vyetu, tusemeane ukweli, ni mkutano wa wazazi uliowekewa picha.

Vichache ninavyovitaja mara kwa mara

Sitamwaga orodha, nitataja vile ninavyoweza kukwambia nampa nani.

Kwa wadogo na kwa wazazi wasio na hela, ni hadithi za African Storybook. Mradi ulianzia Afrika Kusini, ukafunguliwa 2014, na Uganda ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuujaribu. Ni bure, unapakua kwenye simu au unachapa, picha kila ukurasa, na hadithi nyingi ziko kwa lugha zaidi ya moja, kwa hiyo unaweza kutafuta ambayo iko kwa lugha ya mtoto na kwa Kiswahili pia. Leo asome ya lugha yake, kesho ya Kiswahili, tayari anajua fisi atafanya nini, kazi iliyobaki ni maneno tu. Sioni njia rahisi kuliko hii. Ila ubora unapanda na kushuka, tafsiri zingine zimefanywa haraka, soma kwanza ndo utume.

Kwa mkubwa anayekimbia vitabu, vile vya Moses vya Barbara Kimenye. Huyu mama alizaliwa Uingereza, akaja kuishi Uganda, akafanya kazi kwenye serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na miaka ya 1960 akaanza kuandika vituko vya Moses na wenzake kwenye shule ya bweni ya Mukibi. Ni Kiingereza, ndiyo, lakini mtoto aliyecheka na kitabu cha Kiingereza atakubali kukaa na cha Kiswahili, mtoto aliyechukia kusoma hatakubali chochote.

Kwa kusomea familia nzima usiku, hekaya za Abunuwasi. Kiswahili chake ni cha kizamani na mtoto peke yake atazama, lakini we ukisoma, ile ya sufuria iliyozaa hakuna mtoto anayeisikia bila kutaka kuisimulia shuleni kesho yake. Na Okot p'Bitek, tunamjua wote kwa mashairi, alitoa 1978 mkusanyo wa hadithi za Kiacholi kwa Kiingereza, Hare and Hornbill, mi naupendekeza kwa mwalimu au mzazi, asome yeye, afunge kitabu, asimulie kwa Kiswahili chake mwenyewe. Hapo hata mwandishi anajifunza, maana hadithi inayokubali kusimuliwa bila kitabu ina mifupa.

Watu wa nje wakiulizwa kitabu cha watoto kuhusu Uganda wengi wanataja Beatrice's Goat, kilichotoka Marekani 2001, cha binti wa magharibi mwa Uganda ambaye familia yake ilipewa mbuzi na maziwa yakamfikisha shule. Kitabu kizuri, mbuzi wake anapendeza. Lakini mtoto wa Kasese akisoma hadithi ambazo msaada unatoka mbali kila mara ataanza kudhani hadithi haiwezi kuanza mpaka wafadhili wafike. Kipendekeze, ila kiwekee jirani, kitabu kingine ambacho mtoto anajitatulia mambo yake mwenyewe.

Ujumbe wenyewe unaandikwaje

Mfano. Hii ni aina ya ujumbe ambao mzazi ataufanyia kazi:

"Mama Aisha, habari ya hapo. Ulisema kijana wako yuko P6, Kiingereza anakiweza ila kitabu anakishika dakika mbili anakiweka. Jaribu Moses, wa Barbara Kimenye. Sura fupi, ni vituko vya wavulana wa bweni, walimu wanazidiwa ujanja, kwa hiyo kama hutaki utundu kwenye kitabu hiki siyo chako. Sura ya kwanza someni wote wawili, ukiona anakunyang'anya mwachie. Uliza maduka makubwa ya vitabu Kampala, au wale wanaopanga vitabu vya mitumba barabarani, hao bei iko chini ila hesabu kurasa kabla hujalipa."

Ona kilichomo: mtoto gani, kwa nini huyu, kitu kimoja ambacho mzazi anaweza asikipende, na wapi. Ile kasoro usiiondoe, pendekezo lisilo na kasoro linanuka biashara. Kama mwandishi ni rafiki yako au ni we mwenyewe, sema hapohapo mwanzoni, watu hawakasiriki, wanakasirika wakigundua baadaye. Bei andika ya leo na duka uliloiona, siyo "bei nafuu", nafuu ya matajiri wa Kololo siyo nafuu ya watu wa Kisenyi. Picha piga ya ukurasa wa ndani, mzazi aone ukubwa wa herufi na maneno mangapi kwa ukurasa, jalada halimwambii kitu. Ukurasa mmoja, nasema. Kupiga picha kitabu kizima ukakigeuza PDF ukawatumia watu arobaini "kuwasaidia watoto", hapo umemmaliza mwandishi, na wengi wanaofanya hivo ni waandishi wenyewe, aibu gani hii.

Na angalia kalenda. Wiki ya kufungua shule mzazi anatafuta karo, daftari, sabuni na fagio, ukimletea kitabu cha hadithi anakuona huna akili. Subiri shule zifunge, watoto wako nyumbani wanamaliza sukari na kugombania rimoti, mzazi mwenyewe atakutafuta. Tarehe nyingine nzuri ni kabla ya 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, na kabla ya 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO iliitangaza 2021. Siku hizo shule zinahangaika kutafuta kitu cha watoto kusoma mbele ya wageni, mwalimu mkuu atapokea simu yako.

Sasa mwandishi mwenzako

Kampala tuna mfano mzuri wa hili. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa rasmi 1996, kimekuza waandishi wengi kwa kitu cha kawaida kabisa, watu wanakaa Jumatatu jioni, mmoja anasoma kazi yake, wengine wanaichambua akiwa hapohapo. Kwa hadithi za watoto ongeza kiti kimoja, cha mtoto. Maoni yangu na yako kuhusu hadithi ya mtoto wa P2 yana thamani ndogo kuliko tunavyodhani.

Mwandishi akikutumia rasimu, ichape kwa herufi kubwa, tafuta mtoto ambaye siyo wa mwandishi (wa kwake atapenda kila kitu), msomee, ukiwa na penseli. Akicheka weka alama, akiuliza swali andika swali lenyewe kwa maneno yake, macho yakiondoka kwenye karatasi piga mstari hapohapo. Usimsaidie kwa kuigiza sauti kupita kiasi, maana utakuwa unapima uigizaji wako. Alafu unamtumia mwandishi kitu kama hiki, kwa voisi au kwa maandishi:

"Dada, habari ya Soroti. Nimemsomea hadithi yako mtoto wa jirani, P3, Kiswahili anakisikia sokoni tu. Ukurasa wa 4, mbuzi anapokula kadi ya kliniki, alicheka mpaka akaniomba nirudie, na nikarudia. Ukurasa wa 7, bibi anapoanza kueleza faida za kunawa mikono, akaanza kuvuta nyuzi za mkeka. Ukurasa wa 9 akarudi, akauliza 'sasa kliniki watamkubali bila kadi?' Hilo swali hujalijibu, na mimi mwenyewe nataka jibu. Naomba uniandikie huo ukurasa."

Hakuna sifa hata moja humo, na nakuhakikishia huyo dada atakaa mezani usiku huohuo. Amejua mbuzi anafanya kazi, bibi anaongea sana, na kuna mtoto anasubiri. Ukimwambia "lugha yako tamu" atabaki anaitafuta ni ipi hiyo tamu ili airudie. Kitu kimoja cha kurekebisha kwa mara moja kinatosha, ukimpa saba atafunga daftari. Na usimwandikie upya, hata kama mkono unawasha.

Sasa hili la Kiswahili chenyewe, hapa ndo wengi wetu tunakufia. Mwandishi wa Uganda anaogopa kuchekwa. Mkenya atamcheka, Mtanzania atamsahihisha kwa upole unaouma kuliko kicheko, na nyumbani kuna mzee ambaye akisikia Kiswahili bado anakumbuka wanajeshi wa miaka ya Amin wakigonga mlango. Mtu ameandika hadithi huku amebeba yote hayo, alafu we jambo la kwanza unamwambia mbele za watu "siyo kitabu hii, ni kitabu hiki". Jamani. Sarufi ni kazi ya mwisho na inafanyika pembeni, kwa simu, wawili tu. Mhariri mzuri ananyoosha ngeli kwa siku chache, lakini hakuna mhariri atakayekuletea mbuzi anayekula kadi ya kliniki. Mi nawashauri hivi, msimulizi aongee Kiswahili sanifu ili mwalimu akikubali kitabu darasani, lakini watu wa ndani ya hadithi waachie waongee kama wanavyoongea Busia, Arua au soko la Owino. Mtoto atawatambua.

Mchapishaji akinyamaza, mweleze mwenzako hali ilivyo badala ya kumwambia asikate tamaa. Wachapishaji wa hapa wanaishi kwa vitabu vya shule, mtaala ukibadilika nguvu zote zinaenda huko, na hadithi ya kurasa 24 inakaa chini ya rundo hata kama ni nzuri. Kimya siyo hukumu. Kama ana haraka, Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapo Kampala, ipo, na hapo msaada wako ni wa vitendo, nenda naye. Kitabu cha kupigwa pini katikati kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne, 16, 20, 24, akienda na 18 atalipia mbili tupu. Jalada la rangi na ndani nyeusi na nyeupe kunapunguza gharama sana. Adai kopi moja ya mfano kabla hawajachapa zote, aikunjue, aivute kurasa, amwachie mtoto siku nzima. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, anaipata Maktaba ya Taifa. Mchoraji aandikiane naye karatasi, picha ni za nani na zitatumika wapi, maana urafiki mwingi umevunjikia kwenye picha ya jalada.

Kuna na wale ambao hawaonyeshi mtu kazi yao kwa sababu "wataniibia". Waambie sheria ya hakimiliki ya 2006 inailinda kazi tangu imeandikwa, na akitaka ushahidi wa ziada aisajili URSB, ile ofisi ya serikali ya usajili. Asichoweza kukilinda ni wazo tupu lililo kichwani, kwa hiyo dawa ni kuliandika.

Akishatoa kitabu, kinunue. Usiombe kopi ya bure kwa jina la uandishi, we ndo ungetakiwa uwe wa kwanza kulipa. Ukishakisoma kipeleke maktaba ya kijiji kama ipo karibu, ile ya Kitengesa kule Masaka imekuwa ikihudumia wanafunzi na wanakijiji tangu 2002, kitabu kimoja pale kinapita mikono mingi.

La mwisho, na ndo nililosema nitarudi. Siku mzazi atakuuliza kitabu na huna kinachomfaa, usimsukumie chochote ili uonekane unajua. Mwambie sina. Alafu chukua ombi lake ulipeleke kwa mwandishi jinsi lilivyo: "Kuna mama Kasese, binti yake ana miaka 10, anapenda baiskeli, Kiswahili chake kidogo, sentensi zisizidi maneno manane, asitokee mtu mzima wa kumfundisha adabu. Hakuna kitabu hicho. Unakiandika?" Mwombe kurasa mbili za kwanza tu, mpe wiki mbili, na mama akikubali msomeeni binti kwa simu mkiwa wote kwenye laini.